Maswali ya Wasomaji: Buibui wa Uzi wa Dhahabu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika shamba letu la michungwa hapa Muheza ametokea buibui mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya fedha na manjano, na miguu mirefu myekundu yenye viungo vyeusi. Ametanda utando mpana kati ya michungwa miwili, na humo wamo buibui wengine wadogo ambao nadhani ni watoto wake. Wachumaji wanakataa kupita mstari huo, wakisema kwamba akimuuma mtu hapo hapo ni kifo. Huyu ni buibui gani, na je, nimuue?

JIBU: Kwa maelezo yako, huyo ni jike wa buibui wa uzi wa dhahabu, ambaye wataalamu humwita Trichonephila, na miguu hiyo myekundu inaelekeza kwenye spishi ya inaurata, inayopatikana Afrika Mashariki na Kusini hadi Madagaska. Ili kuhakikisha, nenda asubuhi jua likiwa bado chini, usimame ubavuni mwa utando: nyuzi zake zitang'aa kwa manjano. Buibui Argiope, ambaye watu wengi humchanganya naye, ana mistari ya manjano na meusi tumboni, uzi wake si wa dhahabu, na mara nyingi huchora katikati ya utando mkunjo mweupe unaofanana na mshono wa cherehani.

Wale wadogo si watoto. Baadhi yao ni madume, ambao urefu wao hauzidi milimita chache ilhali jike anafikia sentimita 3 hivi, nao hukaa pembezoni wakisubiri jike ashughulike na windo ndipo wamkaribie, maana kumsogelea akiwa na njaa ni kuhatarisha maisha. Ukiona kijibuibui kinachometa kama tone la zebaki, huyo ni mwizi wa jamii ya Argyrodes, anayeishi kwa kudokoa wadudu wadogo walionaswa ambao mwenye utando hawajali.

Sumu anayo, kama walivyo nayo karibu buibui wote, lakini kwa mtu mzima mwenye afya huleta maumivu na uvimbe wa muda tu, na huuma pale tu anapobanwa au kushikwa. Usimuue, kwa kuwa anakupunguzia nzi, nondo na panzi, ingawa sitakuficha kwamba hula pia nyuki, ambao michungwa yako inawahitaji. Kama njia ni lazima ipitike, kata kwa fimbo nyuzi za upande mmoja, naye atajenga upya kando.

Uzi huo ni imara kiasi cha kufumwa: vazi la manjano lililooneshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, mwaka 2012, lilitengenezwa Madagaska kwa uzi wa buibui zaidi ya milioni moja wa spishi hiyo, waliokamuliwa kisha wakarudishwa porini.

Watoto wake hasa utawatambua kwa mfuko: jike hutaga mayai mamia na kuyafunika kwa hariri ya manjano, mara nyingi penye majani karibu na utando, na vinavyoanguliwa hukaa pamoja kwa siku chache kabla ya kila kimoja kutoa uzi na kuchukuliwa na upepo.