Maswali ya Wasomaji: Je, Akili Mnemba Inaweza Kunipimia Soko?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mwenzangu tunaanzisha kampuni itakayouza programu ya kupanga miadi katika kliniki za meno na kuwakumbusha wagonjwa siku zao kwa ujumbe wa simu. Mwekezaji tuliyezungumza naye ametutaka tumwandikie ukubwa wa soko letu. Nilipoiuliza programu ya akili mnemba, ilinijibu kwamba soko hilo lina thamani ya dola bilioni 4.2 na linakua kwa asilimia 11.7 kila mwaka, ikataja na ripoti ya utafiti. Kesho yake niliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti kidogo, ikanipa dola bilioni 6.8 na ripoti nyingine. Nichukue ipi? Au niachane kabisa na chombo hiki?

JIBU: Usichukue hata moja, na chombo chenyewe usikitupe. Ulikiomba jibu, ilhali msaada wake mkubwa uko katika kujenga hesabu inayolizaa jibu.

Modeli ya lugha, yaani mfumo unaoendesha programu kama hiyo uliyoiuliza, huandika kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kwa kutegemea maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Katika maandishi hayo, sentensi zinazotaja ukubwa wa soko karibu zote zina umbo moja: mabilioni kadhaa, asilimia ya ukuaji yenye desimali, na jina la ripoti. Modeli ikiulizwa kuhusu soko dogo ambalo takwimu zake ni haba, inaweza kulijaza umbo hilo kwa tarakimu zinazofanana na za kweli, na maneno ya swali yakibadilika kidogo, tarakimu nazo hubadilika. Kwa hiyo desimali ya 11.7 isikufanye uamini kwamba kuna mtu aliyepima kitu.

Ripoti inayotajwa nayo ni lazima uifungue mwenyewe. Juni 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa kwa pamoja faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu za kesi zisizokuwepo, zilizotungwa na ChatGPT, na kuendelea kuzitetea hata uhalisi wake ulipohojiwa. Mwekezaji hatakutoza faini, lakini akiitafuta ripoti uliyoitaja na asiione, hataziamini tena hata zile kurasa zako ambazo ni za kweli. Nimewahi kukaa na mwanzilishi mmoja tukifungua viungo saba alivyopewa na programu ya namna hiyo: viwili vilifika kwenye kurasa zinazozungumzia biashara nyingine kabisa, vitatu havikufunguka, na viwili vilivyobaki vilikuwa na takwimu za miaka sita nyuma. Tulitumia mchana mzima, na nilimsikitikia, kwa sababu wasilisho lake lote lilikuwa limesimama juu ya viungo hivyo.

Hata ripoti ikiwa ya kweli, soma imepima nini. Soko la "programu za meno" laweza kujumuisha programu za picha za eksirei, za bima, za uhasibu wa kliniki na za maabara za kutengeneza meno ya bandia. Wewe unauza miadi tu.

Sasa tuje kwenye njia ninayoiamini. Mwanafizikia Enrico Fermi alijulikana kwa maswali kama lile la idadi ya mafundi wa kurekebisha sauti za piano mjini Chicago, ambalo hujibiwa kwa kulivunja katika maswali madogo: watu wangapi, kaya ngapi, piano ngapi, kila piano hurekebishwa mara ngapi kwa mwaka, na fundi mmoja humaliza ngapi. Hapa ndipo akili mnemba inapokuwa msaidizi hodari. Iagize hivi: "Usinipe ukubwa wa soko. Nivunjie hesabu yake kuanzia kwa mteja mmoja anayelipa, uorodheshe kila dhana, na uniambie kila dhana naweza kuithibitisha wapi." Utashangaa jinsi inavyoweza kukuonyesha mambo ambayo hukuyafikiria, kama vile kliniki kadhaa kumilikiwa na mtu mmoja anayenunua programu moja kwa zote, au kliniki zilizofungwa na mkataba wa miaka na muuzaji mwingine.

Tuseme, kwa mfano tu, rejesta ya bodi inayosajili kliniki katika eneo lenu ina kliniki binafsi 6,000. Mnadhani asilimia 35 zina madaktari wawili au zaidi, maana kliniki ya daktari mmoja mara nyingi hutosheka na daftari. Hizo ni 2,100. Kati ya hizo mnadhani asilimia 60 tayari huandika miadi kwa kompyuta, zinabaki 1,260. Kila moja ikilipa ada ya 300 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote mtakayotumia, soko mnaloweza kulihudumia ni 378,000 kwa mwaka. Umeona tulivyoshuka kutoka kwenye mabilioni? Tofauti hiyo isikukatishe tamaa, kwa kuwa tarakimu hii ndogo unaweza kuitetea mbele ya yeyote.

Kisha, badala ya tarakimu moja, ipe kila dhana kiwango cha chini na cha juu. Asilimia 35 iwe kati ya 20 na 50, na asilimia 60 iwe kati ya 40 na 75. Zote mbili zikiwa chini, soko ni kliniki 480, yaani 144,000. Zikiwa juu, ni kliniki 2,250, yaani 675,000. Sasa badilisha dhana moja moja. Ya kwanza peke yake hulisogeza soko kutoka 216,000 hadi 540,000, na ya pili peke yake kutoka 252,000 hadi 472,500. Hapo umejua kwamba jambo la kulitafuta kwanza ni idadi ya kliniki zenye madaktari wawili au zaidi, na kwamba saa zako za wiki hii ziende huko. Iombe programu iandike kanuni hizi kwa ajili ya jedwali la Excel, uzikokotoe humo, kwa sababu modeli inayokisia maneno inaweza kukosea kuzidisha namba kubwa bila kuonyesha dalili yoyote ya wasiwasi.

Baada ya hapo, shika simu. Chagua kliniki 40 kutoka kwenye rejesta kwa kura, si zile zilizo karibu nawe, umuulize mhudumu wa mapokezi maswali mawili: madaktari ni wangapi, na miadi huandikwa wapi. Wapo wanaoiagiza akili mnemba ijifanye mwenye kliniki na kujibu kama atalipa. Ifanye kazi hiyo ili kujizoeza maswali tu. Majibu yake usiyahesabu kamwe kuwa ni ya mteja, maana haina fedha ya kutoa wala mkataba wa kuvunja, na modeli hizi zina tabia ya kukubaliana na anayeuliza. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka ikukosoe, usiseme hesabu ni yako. Sema umeletewa na mtu anayeomba fedha zako, na unataka kujua ni wapi imetiwa chumvi.

SWALI: Bidhaa yangu ni mpya kabisa na hakuna wanaoinunua sasa. Hesabu ya namna hii itanisaidiaje?

JIBU: Itakusaidia, ila uwe mwangalifu na mahali unapoanzia. Juni 2014 Profesa Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York aliikadiria Uber kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 5.9, akichukulia kwamba soko la teksi duniani ni dola bilioni 100 na kwamba kampuni ingepata asilimia 10 yake. Mwezi uliofuata Bill Gurley, mwekezaji katika kampuni hiyo, alimjibu kwamba kosa liko katika kulichukua soko la zamani kama mpaka, kwa kuwa usafiri ukiwa rahisi kuupata watu huutumia mara nyingi zaidi, na wengine huacha kununua gari. Uber ilipoingia katika soko la hisa mwaka 2019 ilithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 70. Akili mnemba, kwa kuwa imefunzwa kwa yaliyokwisha kuandikwa, huelekea kukupa soko la zamani. Iulize badala yake watu wanalimalizaje tatizo hilo leo, kwa fedha kiasi gani na kwa saa ngapi, uwahesabu hao. Usitumie mfano wa Uber kama ruhusa ya kuandika tarakimu yoyote: Gurley alieleza sababu moja baada ya nyingine za kuamini kwamba matumizi yangeongezeka.

SWALI: Naweza kuipa programu hiyo orodha ya wateja wangu ili inikadirie soko?

JIBU: Ondoa kwanza majina, namba za simu na kila kinachomtambulisha mtu. Hesabu ya soko inahitaji idadi, aina ya mteja na kiasi anacholipa, na hayo yanatosha. Soma pia masharti ya programu yenyewe uone kama unachopakia kinaweza kutumika kuifunza, na kama kuna mpangilio wa kulizuia hilo, uuwashe kabla ya kupakia chochote.