Nianze na bango la mkutano au na hataza?

SWALI: Profesa, shikamoo. Mimi ni mhadhiri wa fizikia. Pamoja na mwanafunzi wangu wa uzamivu tumetengeneza kihisi kinachonasa mwanga hafifu sana bila kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Mwezi ujao tunabandika bango mkutanoni, na makala inakaribia kwisha. Wenzangu wananihimiza nifungue kampuni. Nianze na lipi? Na lazima niache kufundisha?

JIBU: Marahaba. Kampuni isubiri, cha haraka ni hilo bango.

Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa. Hataza za Ulaya hutolewa kwa kitu ambacho hakijawekwa hadharani popote kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Bango ni hadhara. Muhtasari unaowekwa kwenye tovuti ya mkutano majuma mawili kabla nao ni hadhara, na hapo ndipo wengi hunaswa, maana wao huhesabu kuanzia siku ya kusimama mbele ya bango. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza hataza namna hiyo, kwa aya moja ya maneno kama 200. Marekani humwachia mvumbuzi miezi 12 tangu alipoutangaza uvumbuzi wake, lakini ukiitegemea nafasi hiyo, Ulaya umeshaikosa. Basi uliza leo muhtasari wenu unatoka lini, kisha nenda kwa wakili wa hataza kabla ya tarehe hiyo.

Wala usisubiri kifaa kikamilike. Novemba 1957 Gordon Gould, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika wazo la leza daftarini na kurasa zikagongwa muhuri wa mthibitishaji. Akadhani ni lazima kwanza awe na leza inayowaka ndipo aombe hataza. Wanafizikia Charles Townes na Arthur Schawlow, waliokuwa na wazo kama hilo, waliomba 1958 wakapewa 1960. Gould alihangaika na kesi miaka na miaka. Hataza ya kikuza mwanga cha leza aliipata 1977.

Kuomba hataza hakukuzuii kuchapisha. Mwanafizikia Richard Friend na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliomba hataza ya diodi za plastiki zinazotoa mwanga mwaka 1989, wakachapisha kwenye jarida la Nature 1990, na kampuni, Cambridge Display Technology, ikaja 1992. Mpangilio huo unatosha kuigwa.

Hataza itakuwa ya nani? Soma mkataba wako wa ajira. Sweden mwalimu wa chuo kikuu humiliki uvumbuzi wake. Ujerumani iliufuta utaratibu wa namna hiyo 2002. Kwingi chuo ndicho mwenye mali, nawe utaomba leseni ya kuutumia uvumbuzi wako. Mwanafunzi wako huenda si mwajiriwa, kwa hiyo haki zake zitahitaji saini yake mwenyewe. Na usiorodheshe wavumbuzi kama unavyoorodhesha waandishi wa makala. Aliyepima tu si mvumbuzi, hata kama ni mkuu wa idara.

Sasa kampuni. Mmetengeneza vihisi vingapi, na vingapi vinafanya kazi? Mhandisi mmoja aliyekuja kununua kifaa chetu hakutazama grafu hata moja. Aliuliza, "Kati ya kumi?" Tukajibu kimoja, kwa fahari kabisa. Akafunga daftari lake. Kwenye makala kile kimoja ni matokeo. Kwa mnunuzi, vile tisa ndiyo bidhaa yenyewe. Mpaka uweze kueleza kwa nini vile tisa vinakufa, mtaji wa mwekezaji utauteketeza kwa utafiti ambao ungefanywa kwa fedha za ruzuku.

Kazi usiache. Friend alibaki profesa Cambridge, na mwaka 2000 akashiriki kuanzisha kampuni nyingine, Plastic Logic. Chukua hisa na nafasi ya mshauri wa sayansi, ajiri mkurugenzi anayejua kuuza, kisha uandikie chuo barua ya kutangaza maslahi yako. Kazi za kampuni zisiingie kwenye tasnifu ya mwanafunzi wako: siku mwekezaji atakapodai siri, kijana atashindwa kutetea tasnifu yake.