Kabla Hujachomoa Monita

Duka langu la stesheneri lipo Mbagala, na kaunta yake ni nyembamba. Printa, mashine ya fotokopi na rimu za karatasi zilishamaliza nafasi, kwa hiyo monita ilipokufa sikununua nyingine. Kompyuta yenyewe ni ndogo, Lenovo ThinkCentre M710q ya mtumba, unene wake kama sentimita tatu na nusu, nimeifunga kwa skrubu chini ya kaunta. Naiendesha kwa kishikwambi cha inchi 10, cha aina ile tuliyoizoea tangu makarani wa sensa ya 2022 walipopita navyo majumbani. Naiendesha nikiwa dukani, nikiwa nyumbani, hata nikiwa safarini.

Wateja wakiona hivyo swali lao la kwanza ni moja: unatumia programu gani? Programu nitaitaja, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye zile saa mbili za mwisho kabla hujachomoa monita, na mimi nilizipuuza.

Nilikuwa Tanga kwenye harusi ya binamu yangu. Mwalimu mmoja alikuwa anasubiri mtihani wake uchapwe, faili liko kwenye kompyuta, mimi nimeshika kishikwambi. Dukani uniti za umeme zikaisha. Kijana wangu akanunua nyingine, akaingiza namba, taa zikawaka, mashine ya fotokopi ikaunguruma. Kompyuta kimya. Nikampigia.

"Angalia chini ya kaunta, kuna kiboksi cheusi."

"Bosi, kile si cha intaneti?"

Miezi yote ile hakuwahi kujua kwamba ile ni kompyuta, na kosa ni langu, sikumwonyesha. Alikipapasa mpaka akapata kitufe. Mwalimu alishaondoka.

Kompyuta nyingi umeme ukikatika na kurudi hubaki zimezima zikisubiri kubonyezwa. Kwenye ThinkCentre unaiwasha huku unabonyeza F1 mpaka uingie BIOS, yaani kurasa za mipangilio zinazotangulia Windows, unakwenda sehemu ya Power, unatafuta After Power Loss, unachagua Power On, kisha unahifadhi. Kompyuta za kampuni nyingine zina jina lao, lakini maana ni ileile: umeme ukirudi, jiwashe. Na kurasa hizi huzioni kwenye kishikwambi hata ufanyeje, kwa sababu anayekutumia picha ni Windows, na wakati huo Windows bado haijaamka. Monita ikishaondoka, umechelewa.

Ukimaliza, ijaribu. Zima kompyuta vizuri, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri kidogo, chomeka. Iamke bila kuguswa. Rudia ukiwa umechomoa na kibodi, maana zipo mashine ambazo zisipoiona kibodi husimama njiani na kusubiri ubonyeze kitu, nawe hutaona ujumbe wowote.

Ndani ya Windows kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni toleo: Windows Home haipokei wageni kwa Remote Desktop, njia ya Windows ya kuendeshwa kutoka kifaa kingine, Windows Pro inapokea. Angalia kabla hujalipa pesa ya mtumba. Wa pili umewatesa wengi ninaowasaidia: wamezoea kufungua kompyuta kwa PIN, wakifika kwenye kishikwambi wanaandika PIN ileile na wanakataliwa. Remote Desktop inataka nywila ya akaunti, na akaunti isiyo na nywila kabisa haiingiliki. Wa tatu ni usingizi. Zima mpangilio wa kompyuta kujilaza, uweke Never, la sivyo utaiacha saa mbili usiku ikiwa hai na kuikuta saa tatu haipatikani.

Mtandao sina mengi. Kompyuta ipe waya kutoka kwenye ruta, waifai iachie kishikwambi. Kwenye ruta ifungie anwani moja ya mtandao (IP), mfano 192.168.1.50, isije ikabadilika kila ruta inapozimwa.

Sasa programu. Natumia ile ya Microsoft yenyewe ya kuingilia kwa Remote Desktop, ambayo siku hizi inaitwa Windows App. Naipenda kwa sababu ukubwa wa picha unaamuliwa na kishikwambi, hivyo kompyuta haihitaji kudanganywa kwamba ina monita. Programu nyingine kama AnyDesk na Chrome Remote Desktop zinakuonyesha kile ambacho monita ingekionyesha, na kama monita haipo mara nyingi unapata picha ndogo au nyeusi, mpaka ununue kile kiplagi cha HDMI kinachojifanya monita. Jambo jingine zuri: mawasiliano yakikatika, kazi uliyoianzisha inaendelea kulekule. Nimewahi kutuma kurasa mia mbili kwenye printa, bando likaisha katikati, na karatasi zikatoka zote.

Kidole ndicho kitakachokuchosha. Windows imetengenezwa kwa ajili ya kipanya, vitufe vyake ni vidogo, na ukibonyeza X ya dirisha moja unafunga jingine. Ndani ya Windows App hamia kwenye hali ya kipanya: kioo kizima kinakuwa pedi, unasukuma mshale kwa kidole popote ulipo, unagonga mara moja kubofya, na vidole viwili kwa bofyo la kulia. Kisha kuza maandishi ya Windows mpaka asilimia 150. Hata hivyo kuburuta mistari ya Excel kwa kidole bado ni mateso, na kibodi ya kioo inakula nusu ya ukurasa. Nilinunua kibodi ndogo ya Bluetooth na tangu hapo naandika barua za wateja nikiwa nimekaa nje ya duka.

Kuhusu kuingia ukiwa mbali, nakuomba usikilize. Usifungue mlango wa 3389, ule unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta yako ili dunia nzima iuone. Wapo watu wanaotumia programu kujaribu nywila kwenye milango hiyo usiku kucha, na wakiingia wanafunga mafaili yako na kudai pesa. Tena kwa wengi wetu tunaotumia laini za simu kwenye ruta, njia hiyo haifanyi kazi, maana mtandao unatuweka wengi nyuma ya anwani moja. Mimi nimeweka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, kwenye kompyuta na kwenye kishikwambi, kwa akaunti moja. Kompyuta ikapata anwani inayoanzia na 100, na naitumia hiyo niwe Mbagala au Tanga. Ukiiweka, kwenye ukurasa wao zima muda wa kuisha kwa ufunguo (key expiry), yaani kibali cha kompyuta hiyo kuunganishwa, usije ukafungiwa nje ukiwa safarini.

Waya wa HDMI bado uko kwenye droo, na jirani mwenye duka la simu ananiazima monita kila ninapotaka kugusa BIOS. Kwenye kile kiboksi nimebandika kipande cha utepe mwekundu juu ya kitufe, na kijana wangu anakipata hata gizani.