Maswali Yenu: Barua ya Macau haina stempu, ninunue?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nakusanya stempu na barua za zamani, sasa kuna jamaa kanitumia picha ya barua anasema iliandikwa na mfanyabiashara wa Kiingereza Macau (koloni la Wareno pwani ya China) mwaka 1840, wakati wa ile Vita ya Afyuni ya Uingereza na China, inaenda London. Haina stempu, haina bahasha, halafu imechanwa na kisu sehemu mbili. Na anataka hela ndefu! Si feki hii? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kukosa stempu kusikutishe, ingekuwa nayo ndo ningekwambia kimbia. Ile Penny Black, stempu ya kwanza duniani, imeanza Mei 1840 tena huko huko Uingereza, Hong Kong wenyewe, majirani wa Macau, wamepata stempu zao 1862. Enzi hizo karatasi ilikunjwa tu, ikapigwa lakiri, anwani juu, na mara nyingi anayelipa ni anayepokea.

Hiyo mipasuko sasa ndo tamu. Barua za haraka zilikatiza Misri, yaani meli mpaka Bombay, kisha Suez, zinavuka jangwa kwa ngamia, kisha zinafika Alexandria, halafu Mediterania, na kwa vile watu waliogopa tauni, vituo kama Malta walikuwa wanazichana ili moshi au siki ipenye ndani. Kwa hiyo jamaa akikwambia ilizunguka kusini mwa Afrika, muulize visu vimetoka wapi.

Ila mi ningetaka kusoma ndani kwanza, nione kama inagusa mambo ya siku hizo. Machi 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, aliwazingira wafanyabiashara wa kigeni bandari ya Canton mpaka Waingereza wakasalimisha masanduku 20,283 ya afyuni, yakaharibiwa Humen mwezi Juni. Waingereza wakahamia Macau, lakini Wamarekani kama kampuni ya Russell & Co. wakabaki, wakauza bidhaa kwa niaba ya Waingereza hao na kula kamisheni (wajanja hao). Habari zimefika London Agosti, na tarehe 1 Oktoba mawaziri wakaamua kutuma manowari, huku William Jardine, mfanyabiashara wa afyuni, keshaonana na Palmerston, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, siku chache kabla. Aliyepata barua mapema ndo alijua bei ya chai na afyuni kabla ya wenzake, ndo maana Jardine Matheson, kampuni ya huyo Jardine, walikuwa na merikebu zao za mbio, barua zao humo humo na mzigo, washindani wasubiri.

Tena kwa kuogopa meli kuzama waliandika barua moja mara mbili tatu, kila nakala na meli yake, so ukikuta imeandikwa juu kuwa ni nakala usidharau, ni ya siku hizo hizo.

Mwambie akupigie picha ya ndani na ya mgongoni. Tafuta muhuri wa kufika London, linganisha na tarehe aliyoandika mwenyewe ndani: ikiwa miezi mitatu mpaka sita hivi, endelea kuongea bei. Ikiwa wiki sita, usimtumie hata senti.