Uliza Tukujibu: Mabonde na volkano za Auvergne kwa baiskeli

Barua za baiskeli zimekuwa nyingi mwezi huu, na tatu kati yake zinauliza kitu kilekile, eneo la Auvergne katikati ya Ufaransa. Basi leo tunalala hukohuko.

SWALI: Mambo vipi. Mimi Mtanzania niko Lyon mwaka wa nne sasa, nilinunua baiskeli ya barabarani mwaka jana na kila Jumapili napiga kilomita 60 hadi 70 kando ya mto Rhône bila shida yoyote. Juni nina siku nne za likizo, nataka kwenda Cantal kwenye volkano. Nimechora ruti kwenye simu inazunguka milima yote kwa siku mbili, mke wangu kaiangalia akasema nitarudi na ambulansi. Nani yuko sahihi?
– Mzee wa Tambarare, Lyon

JIBU: Shemeji yuko sahihi kaka, tena mnunulie kitu kizuri.

Tatizo si kilomita zako, tatizo ni mchoro. Cantal ukiiona kwenye ramani unadhani ni milima mingi imejazana, kumbe ni volkano moja tu, ya zamani sana, kwa eneo ndiyo kubwa kuliko zote Ulaya, upana wake kama kilomita 70 hivi. Ilishazima mamilioni ya miaka iliyopita, baadaye zikaja enzi za barafu, barafu ikateremka kutoka katikati kwenda nje huku inachimba mabonde. Sasa pindua baiskeli yako juu chini uangalie gurudumu la nyuma. Kitovu ni mlima Puy Mary, spoku ni mabonde: Jordanne, Cère, Alagnon, Santoire, Mars, Maronne. Wewe umechora kuzunguka rimu, maana yake kila spoku unaivuka, unapanda mgongo wa mlima unashuka bondeni, unavuka kadaraja unaanza kupanda tena, na kupanda mara ya tatu ndiko kunakoua, manake miguu ilishapoa kwenye mteremko na jasho limekukaukia mgongoni.

Fuata spoku. Panda kwa spoku moja, shuka kwa nyingine, basi. Ningekuwa wewe ningelala mji wa Murat, asubuhi natoka kupitia Dienne, bonde la Santoire limefunguka vizuri, mwinuko wa taratibu, ng'ombe wekundu wa Salers wenye mapembe marefu wanakuangalia kama umewakosea adabu. Unafika Pas de Peyrol, mita 1,588, hakuna njia ya lami ya kupita mlima iliyo juu zaidi ya hapo katika Massif Central yote, yaani nyanda za milima za katikati ya Ufaransa. Mwishoni inauma kidogo lakini upande huu ndio wa huruma, ukija kutokea Salers utakutana na vipande vya asilimia 12 na zaidi, hapo ndipo watu wanaanza kukumbuka madhambi yao. Juu unaegesha baiskeli, unapanda ngazi kwa miguu hadi kilele cha Puy Mary na spoku zote unaziona kwa macho yako. Halafu unashuka Mandailles, unafuata mto Jordanne mpaka Aurillac, jumla kama kilomita 60, na kurudi Murat unapanda treni. Ndiyo, treni, usione aibu, reli ya Aurillac inapita Murat na baiskeli wanapokea. Angalia tu mapema kama siku hiyo wanataka ubuki nafasi.

Vitu vitatu nisije nikasahau. Moja, barabara ya Pas de Peyrol inafungwa na theluji kila majira ya baridi, Juni kawaida iko wazi lakini cheki kabla hujatoka Lyon. Mbili, ukiona kibao kimeandikwa "gravillons" punguza spidi kabla ya kona, wamemwaga kokoto mpya juu ya lami, mimi kiwiko changu cha kushoto bado kina alama. Tatu, weka gia nyepesi za kupandia. Mbele meno 34, nyuma 34, fundi akikucheka mwache acheke, yeye haendi.

SWALI: Niko Brussels, shabiki wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France tangu niko Bukavu nasikiliza redioni. Mwaka 2023 niliona wanapanda Puy de Dôme, ile volkano ya karibu na Clermont-Ferrand, nikaapa na mimi lazima nipande. Rafiki ananiambia haiwezekani, hairuhusiwi. Ni kweli au ananionea wivu?
– Mguu Chuma

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, pole. Tangu 2012 wamejenga treni ya meno inayozunguka mlima mpaka kileleni, na barabara ikawa nyembamba, imebaki ya treni na magari ya huduma. Hata hiyo 2023, siku mwendesha baiskeli Michael Woods aliposhinda, kilomita nne za mwisho hazikuwa na watazamaji kabisa, uliona mwenyewe kimya kile. Kabla ya hapo Tour ilikuwa haijafika pale tangu 1988. Na kisa kikubwa cha mlima ule bado ni 1964, mahasimu wawili wa Ufaransa, Anquetil na Poulidor, wanapanda bega kwa bega wanagusana viwiko, Poulidor akamwacha mwishoni lakini haikutosha, Anquetil akachukua Tour kwa sekunde 55.

Unachoweza kufanya ni hiki: toka Clermont-Ferrand panda hadi Col de Ceyssat ("col" ni njia ya kupita mlima), mita 1,078, funga baiskeli kwa kufuli la maana, kisha panda kwa miguu njia ya Muletiers kama saa moja. Beba raba, viatu vya kliti, vile vinavyonasa kwenye pedali, vitakuvunja shingo. Juu kuna magofu ya hekalu la Mercury la Warumi, na mbele yako vile vilima vya Chaîne des Puys vimejipanga mstari mmoja, kama 80, UNESCO waliviweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Hivi ni volkano vijana, si kama mzee Cantal, na kuendesha katikati yake ni raha manake vimekaa juu ya uwanda, barabara inapita kati ya kimoja na kingine bila kulazimika kuvipanda. Kama miguu bado inawasha endelea kusini hadi Col de Guéry, kuna ziwa, halafu mji wa Mont-Dore, ndipo mto Dordogne unapoanzia, vijito viwili, Dore na Dogne, vinakutana, na watu hupenda kusema majina pia yameungana. Hii mimi huwa naipenda sana.

SWALI: Habari kaka. Dada yangu kaolewa Clermont-Ferrand, naenda Agosti kutoka Nairobi. Mimi si mtu wa milima, baiskeli nitaazima ya shemeji. Nikifuata tu mto Allier si itakuwa tambarare?
– Mama Kikapu

JIBU: Itategemea uelekeo dada. Issoire mpaka Brioude, hapo sawa, mto umetulia, vijiji vizuri, vipanda ni vifupi. Ukiendelea kupita Langeac mto unaingia kwenye korongo na barabara inaukimbia, inapanda juu kwenye uwanda, inashuka Monistrol-d'Allier, inapanda tena kali kwenda Saugues. Kinachofuata mto kule chini ni reli peke yake. Kwa hiyo ukifika Langeac ingia treni, kaa dirishani, furahia korongo bila jasho.

Na chakula, hili sikiliza vizuri. Vijijini mgahawa unapika saa sita hadi saa nane mchana za kwetu, ukifika saa nane na robo utaambiwa pole kwa tabasamu. Jumatatu maduka ya mikate mengi yamefunga, mimi niliwahi kupanda kilomita 25 na ndizi moja mfukoni. Nunua Jumapili asubuhi. Maji jaza kwenye bomba la makaburini, karibu kila kijiji lipo, ila soma kibao, "non potable" maana yake usinywe. Na siku mguu ukichoka kabisa agiza truffade, viazi vimekaangwa na jibini mbichi ya Cantal mpaka inavutika kama uzi, lakini agiza ukishamaliza kuendesha. Nilikula kabla, sitaki kulizungumzia.