Maswali Yenu: Asilimia 35.1 Imeishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi bomba katika mamlaka moja ya maji, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Siku ya Mei Mosi 2025 tulitangaziwa nyongeza ya asilimia 35.1. Slipu yangu ya Julai ilionyesha kuwa mshahara wa msingi umepanda kutoka shilingi 700,000 hadi 750,000, na fedha niliyoipata mkononi iliongezeka kwa 35,500 tu. Je, nimepunjwa? – Fundi wa Maji, Kanda ya Ziwa

JIBU: Ndugu Fundi, asilimia uliyoisikia ilihusu kima cha chini cha mtumishi wa umma, yaani kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Wa madaraja ya juu huongezwa kwa viwango vidogo kadiri bajeti inavyoruhusu. Hata mwaka 2022, kima cha chini kilipopanda kwa asilimia 23.3, wengi wa madaraja ya kati walifungua slipu zao za Julai wakakuta nyongeza ya kununulia mchele wa wiki mbili, na malalamiko yakawa hayo hayo yako.

Tuanze na hizo 50,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukata asilimia 5 (2,500), bima ya afya asilimia 3 (1,500), na chama cha wafanyakazi, kama ada yenu ni asilimia 2, huchukua 1,000. Kodi hutozwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, na kwa kuwa umevuka 520,000, kila shilingi inayozidi hapo hukatwa asilimia 20, ambayo ni 9,500. Jumla ya makato ni 14,500, zinabaki 35,500. Hesabu ya slipu yako ni sahihi. (Mwenzako anayerejesha mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi, kwa hiyo yeye angeambulia 28,000.) Ile nafuu ya kodi ya mwaka 2021, kutoka asilimia 9 hadi 8, iligusa kipande cha chini tu cha mshahara wako, kile kati ya 270,000 na 520,000.

Penye neno ni kwenye hizo 50,000 zenyewe. Taasisi kama yenu huwa na muundo wake wa mishahara, unaopendekezwa na bodi na kuidhinishwa serikalini, na mamlaka inayojitegemea huwalipa watu wake kutokana na ankara za maji, ambazo bei zake hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mdhibiti huyo huangalia pia gharama za watumishi zinakula sehemu gani ya makusanyo. Kwa hiyo maji yanayovuja ardhini na mita zilizosimama bila kusomwa humgusa fundi mfukoni kuliko anavyodhani, ingawa, kwa maoni yangu, si haki kumbebesha yeye mzigo wa mabomba ambayo hayakubadilishwa kwa miaka mingi.

Kumbuka pia mlikotoka. Baina ya 2016 na 2021 hapakuwa na nyongeza ya jumla, huku mfumuko wa bei ukiwa kati ya asilimia 3 na 5 na ushei kila mwaka. Mshahara uliosimama tuli muda wote huo ulipoteza takriban moja ya tano ya nguvu yake. Nyongeza ya kila mwaka ilirejeshwa kwa tangazo la Mei Mosi 2023, Morogoro. Muulize ofisa utumishi kama yako imeingizwa, na lini ulipaswa kupanda daraja. Miaka 11 ni mingi. Kisha mwombe katibu wa tawi la chama chenu cha wafanyakazi nakala ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu maslahi yenu, kwani posho ya mazingira magumu na malipo ya saa za ziada huandikwa humo.

SWALI: Nasoma mita za umeme chini ya mkandarasi binafsi. Viwango hivyo vya watumishi wa umma vinanihusu? – Msoma Mita, Temeke

JIBU: Havikuhusu. Sekta binafsi hufuata amri ya kima cha chini ya Waziri wa Kazi; amri iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 ilipandisha wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Viwango hutofautiana kwa sekta, kwa hiyo hakikisha kwanza mkataba wako umekuandika katika sekta ipi.