Mafuta Gani Haya Yasiyomwagika?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kemia sekondari hapa Mikindani. Nimeandaa maelezo kuhusu kifaa kinachotoa umeme kwenye kaboni ngumu, kama makaa ya mawe au mkaa uliosagwa. Niliandika: "Seli ya mafuta ya kaboni huzalisha umeme kwa kuchoma kaboni." Mwenzangu anasisitiza iwe "seli za mafuta". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. La umoja na wingi halina kazi: ngeli ni I-/ZI-, seli moja ni "seli ya", zikiwa mia ni "seli za". Mmegombania kiunganishi kizima huku neno lililooza limekaa katikati yenu, nalo ni "mafuta".

Umezuka ugonjwa wa kuita mafuta kila kitu kinachotoa nishati. Makaa ya mawe siku hizi ni "mafuta ya kisukuku". Kuni nazo ziko njiani. Mafuta ni neno letu la Kibantu, binamu zake wamefika mpaka kwa Wazulu, na huku kusini tunajua mipaka yake: mafuta ya nazi, ya ufuta, ya taa, na yale ya ganda la korosho yanayobabua vidole. Yote yanamiminika, yote yakigusa kanzu umeumia. Petroli na dizeli zimepita mlango huohuo, kwa hiyo gari likiishiwa mafuta mimi sina neno. Lakini mwaka 2013 Mtwara ilipowaka kwa ajili ya bomba la kwenda Dar es Salaam, watu walidai gesi. Sikumsikia aliyeandamana kudai mafuta.

Toka hapo shuleni kwako, nenda kwa mama yeyote anayekaanga samaki jioni, mwambie: "Mama, mafuta yanakwisha." Atainua dumu, atamimina kwenye karai. Mkaa umebaki majivu matupu, jiko linapoa, changu hawajaiva, yeye anaongeza mafuta, kwa sababu ndivyo ulivyomwambia. Rudia kwa sauti. Ataongeza tena, na safari hii atakutazama vibaya. Sasa sema: "Mkaa unakwisha." Mkono unakwenda kwenye gunia. Mama huyu hajasoma isimu, ila hawezi kumwaga mkaa kwenye karai la samaki, na hilo ndilo tunalolifanya sisi wasomi kila tunapoandika "mafuta ya kaboni". Nenda na bandarini, yanakoteremkia malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Mwambie mlinzi wa geti umeleta mafuta, uone kama hatazunguka lori akitafuta tangi.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa mtu wa kemia: "kuchoma". Ndani ya seli hii hakuna moto, na uzuri wake wote uko hapo. Kaboni inakaa upande mmoja, hewa upande wa pili, katikati kuna elektroliti, yaani kitu kinachopitisha ioni lakini si elektroni, mara nyingi chumvi ya kabonati iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 700 na ushee. Oksijeni inavuka ikiwa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, inaikuta kaboni, inatoka kabonidayoksaidi. Elektroni zinalazimika kupita kwenye waya, na huo ndio umeme. Ukichoma makaa yaleyale unapata joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha tabo, yaani turbini ya kufulia umeme, na kila hatua inakata ushuru wake. Mitambo mingi ya namna hiyo inabakiza kama theluthi tu ya nishati iliyokuwamo. Seli inaruka vituo vyote hivyo. Kinadharia inakaribia asilimia 100, ingawa nadharia haina majivu wala kutu. William Jacques wa Marekani alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1896: vijiti vya kaboni ndani ya chungu cha chuma chenye kostiki iliyoyeyuka, ileile ya watengeneza sabuni, hewa ikipulizwa humo. Umeme ulitoka, lakini kostiki ikawa inageuka kabonati na kuharibika. Basi ukiandika "kuchoma", umemrudisha mtu wa watu kwenye boila.

"Seli" ni Kilatini kilichotufikia kwa Kiingereza, maana yake ya kwanza chumba kidogo. Polisi wanayo, biolojia inayo, na wewe chukua yako. Kwa jina la jumla, kile Waingereza wanachokiita "fuel cell", nakubali "seli ya fueli". Silipendi, "fueli" linasikika kama mtu anayepuliza chai ya moto. Lakini linabeba kuni, gesi, mkaa na petroli bila kumchafua mtu kanzu. Kwa kifaa chako hiki sema "seli ya kaboni" na usiongeze kitu.

Andika hivi: "Seli ya kaboni hutoa umeme kwa kuunganisha kaboni na oksijeni bila kuichoma." Mwenzako akitaka "za", mwekee "za" na "hutoa" ibaki ilivyo. Hiyo "huzalisha" yako nimeiona pia, ila leo mkunga tumwache apumzike.